Usifute Kumbukumbu

Kompyuta ya Mzee Stesheni haikuwahi kuwaka bila malalamiko. Ukiibonyeza ilikohoa kwanza, ikavuta pumzi, ikanguruma kwa feni yake iliyojaa vumbi, ndipo kioo kikaanza kung'aa polepole, shingo upande, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Stesheni ingawa hakuwahi kufanya kazi stesheni hata siku moja, alikuwa ameshaizoea. Aliibonyeza, akaenda kuosha vyombo vya mchana, akarudi akaikuta ndiyo kwanza inamalizia kujipanga. Hakuwa na ugomvi nayo.

Lakini Jumatatu hiyo iligoma. Taa ndogo ya kijani iliwaka, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi tii. Halafu ndani ya lile sanduku la chuma kukatoka mlio: piiii. Kimya. Piiii. Kimya. Piiii. Mama Stesheni akaizima, akahesabu pumzi zake, akaiwasha tena. Piiii.

Akaanza kuitibu kwa dawa anazozijua mwenye nyumba yeyote. Akachomoa waya ukutani, akaupuliza, akauchomeka. Akachomoa jokofu, akaipa kompyuta tundu la jokofu, tundu ambalo halijawahi kumwangusha mtu. Akavua kitambaa alichokuwa ameifumia mwenyewe, maana jirani alisema huenda inakosa hewa. Akaichapa kofi la ubavuni, si la hasira, la kuizindua tu. Mwisho akaisemesha.

"Wewe nawe, tumekukosea nini? Si tunakufuta vumbi kila siku? Nani kakutukana?"

Piiii, ikajibu.

Nyuma yake, kwenye kiti chake chenye mito miwili, mumewe akasema, "Upuuzi."

"Ni upuuzi kweli, baba watoto," Mama Stesheni akakubali, na moyo ukampiga paa.

Hapa inabidi nieleze kidogo, la sivyo utadhani ni mwanamke mzima anayesumbuka bure na chuma chakavu. Mzee Stesheni alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni tangu ujana wake mpaka kustaafu. Ile sauti iliyotoka kwenye vipaza sauti ikawaambia watu treni ipi imechelewa na ipi inaondoka ilikuwa yake, sauti nene yenye madaha, ya kuliburuta neno la mwisho mpaka likafika kwenye benchi la nyuma kabisa. Watu waliokosa treni walijifariji kwamba angalau wametangaziwa vizuri. Na mazoea hayo hakuyaacha kazini, aliyabeba mpaka nyumbani. Wanawe hakuwaamsha asubuhi kama baba wengine. Aliwatangazia.

"Abiria wa shule, abiria wa shule. Gari la asubuhi limekaribia kuondoka. Asiye na viatu ataba-a-aki."

"Tunasikitika kuwatangazia kwamba bafu limekaliwa na binti wa kwanza, na haijulikani litaachiwa li-i-ini."

"Tahadhari kwa wote. Mama watoto amekasirika. Tafadhali kaeni mbali na ji-i-iko."

Hilo la mwisho lilimpandisha Mama Stesheni hasira zaidi, kisha likamchekesha mpaka akasahau amekasirikia nini. Nadhani ndoa yao ilidumu kwa tangazo hilo peke yake.

Alipostaafu, wenzake walimuaga kwa kumpa kompyuta ya ofisini, ambayo hata siku hiyo ilikuwa imeshazeeka. Wakatania kwamba wanawastaafisha wote wawili pamoja. Mkwewe akamletea kipaza sauti kidogo cha kuchomeka, na mzee akajifungia sebuleni akarekodi upya matangazo yote ya nyumba ile, moja baada ya jingine, ili wajukuu wakija likizo wayasikie. Alikuwa na raha siku hizo. Ukipita barabarani ulimsikia akikohoa kusafisha koo, halafu kimya, halafu "Abiria wa shule."

Kisha kikaja kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakampotea yote isipokuwa moja. Kwa nini lilibaki "upuuzi" hakuna daktari aliyejua. Mama Stesheni alisema mumewe alikuwa amelitumia sana hilo neno akisoma magazeti hata likaota mizizi. Akitaka maji alisema upuuzi. Nguo ikimbana alisema upuuzi. Mjukuu akimrukia mapajani alisema upuuzi kwa sauti tamu kuliko asali. Hospitalini mtaalamu wa matamshi, dada mpole mwenye kadi za picha, alimwambia, "Baba, tujaribu pamoja. Ma-ma." Mzee akamtazama kwa adabu zote akajibu, "Upuuzi."

Dawa ilipatikana kwa bahati. Mama Stesheni alikuwa anapangusa meza, mkono ukagusa kitufe, na sauti ya mumewe ikajaa chumbani ikiwatangazia abiria wa shule. Kabla haijamaliza, kutoka kwenye kiti cha mito miwili, mtu mwingine alimalizia: "Ataba-a-aki." Kitambaa cha kupangusia kilimdondoka.

Tangu hapo, kila siku baada ya chakula cha mchana, walikaa wawili mbele ya kompyuta. Yeye alibonyeza, mumewe alifuata. Maneno ya mkewe hakuyafuata, wala ya yule dada wa kadi. Alifuata ya kwake tu, kana kwamba ndiye mwalimu pekee aliyemheshimu. Na maneno yakaanza kumrudia, ila yalikuja na mavazi ya kazini. Supu ikiwa ya moto alisema, "Tahadhari." Mgeni akibisha hodi alisema, "Abiria." Akibanwa na haja alisema, "Tunasikitika," na mkewe alijua amshike mkono ampeleke huyo abiria msalani haraka.

Sasa kompyuta haikuwaka, na maneno yakaanza kuondoka. Jumatano mkewe alipomletea supu, mzee alifungua kinywa akalitafuta neno lake. "Taha," akasema. "Taha." Akalitafuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akageuza uso ukutani, na jioni nzima hakusema hata upuuzi. Mama Stesheni aliingia chumbani akafunga mlango, akalia kwa kujiziba na mto. Kama sauti zile zimepotea, mumewe hana mwalimu mwingine. Mkwewe alikuwa amemwambia siku nyingi kwamba zinakiliwe mahali pengine, naye kila mara alisema wiki ijayo, baba, wiki ijayo. Akanawa uso, akajikaza kisabuni, akampigia huyo mkwe simu.

Mkwe alikuja Jumamosi asubuhi na mfuko wake wa vifaa. Alikuwa mume wa binti wa kwanza, yule wa bafuni, na alifundisha kompyuta chuoni. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Sanifu, kwa sababu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na tiba: hakutaka kabisa kutamka neno la kigeni pale ambapo Kiswahili kina la kwake. Kompyuta kwake ilikuwa tarakilishi. Mama Stesheni alipolisikia neno hilo mara ya kwanza, siku za uchumba, alidhani kijana anaumwa mifupa, akamwonea huruma. Kioo alikiita kiwambo, na kile kipanya cha mezani alikiita puku. Alikuwa mtu mwema sana, hakuna wa kusema vinginevyo, ila kuzungumza naye kulitaka subira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mgonjwa wako yule pale."

Mkwe akaenda moja kwa moja kumshika mzee mkono.

"Si huyo," Mama Stesheni akasema. "Huyo ni wangu. Wako yuko mezani."

Mkwe akacheka, akamsalimu mzee vizuri kwanza. Mzee alimtazama, midomo ikatikisika, neno halikutoka. Zamani angemwita abiria. Mama Stesheni akaondoa macho haraka, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kazi ikaanza. Mkwe hakukimbilia kufungua kitu. Aliuliza kwanza, kama daktari mzuri. Iliwaka mara ya mwisho lini? Ilianguka? Ilimwagikiwa? Umeme ulicheza? Kuna aliyeipiga?

"Kofi moja," Mama Stesheni akasema. "La mapenzi."

"La mapenzi haliharibu kitu, mama."

Akautazama waya wa umeme tangu ukutani mpaka nyuma ya sanduku. Akachomoa kiwambo, akakichomeka kwenye kompyuta yake ndogo ya mkononi, kikawaka bila shida. "Kiwambo ni kizima," akatangaza. Akachomoa puku. Akachomoa kibodi, ambayo aliiita baobonye, na mama mkwe akajifanya hakusikia. Alipobakisha sanduku peke yake na waya wake wa umeme, akabonyeza.

Piiii. Kimya. Piiii.

"Inalia," mkwe akasema, na uso wake ukachangamka.

"Tangu Jumatatu inalia, baba. Tumeshachoka kulia nayo."

"Kulia ni habari njema, mama. Tarakilishi ikilia inakuambia inapoumwa. Ingenyamaza ndipo tungeogopa."

Mama Stesheni akamtupia jicho mumewe, ambaye alikuwa amenyamaza tangu Jumatano. Maneno hayo hayakumfurahisha.

Mkwe akazima, akachomoa waya, akafungua skrubu za ubavuni na kuuvuta ule mlango wa chuma. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kuotesha maua. Mlikuwa na utando wa buibui, mlikuwa na pini ya nywele ambayo Mama Stesheni aliitambua na kuikana. Mkwe akagusa chuma cha sanduku kwanza, akasema ni kutoa umeme uliomkaa mwilini, kisha akachukua brashi laini akaanza kuswaki taratibu huku akiinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa safi na ya upole. Mama Stesheni akamwangalia akafikiri kwamba binti yake hakukosea, hata kama nyumbani kwao wanakula wali kwa Kiswahili sanifu.

Mwisho mkwe akainua kichwa.

"Mama, tatizo nimelipata. Liko kwenye kumbukumbu."

Mikono ya Mama Stesheni ikasimama juu ya shuka.

"Kumbukumbu imefanyaje?"

"Imechafuka tu. Imekaa humu miaka mingi, imeshika uchafu. Nitaitoa, niifute, niirudishe. Kuna raba ya penseli hapa nyumbani?"

Ilikuwapo, wajukuu waliiacha kwenye droo ya meza. Mama Stesheni akaenda akaichukua, maana miguu ilizoea kutii mafundi, akarudi nayo. Ilikuwa imebaki inchi moja kuingia kiganjani mwa mkwe alipouvuta mkono nyuma.

"Raba ya nini?"

"Ya kufutia kumbukumbu, mama."

"Hufuti."

Mkwe alidhani amesikia vibaya. "Ni kidogo tu, mama. Huku na huku. Haichukui hata dakika."

"Haichukui hata dakika!" Mama Stesheni akarudia, na sauti ikapanda. "Mtu amekaa miezi sebuleni hapa anakohoa na kusema, anakohoa na kusema, wewe uje na raba dakika moja uifute? Utafuta ipi? Ya shule? Ya bafuni? Ile ya bafuni ni ya mkeo, kwa taarifa yako!"

"Mama, mke wangu ameingiaje?"

"Hufuti kitu hapa."

Sasa ukweli ni kwamba kama mkwe angefunga mdomo wakati huo, mambo yangetulia. Lakini mwalimu ni mwalimu. Aliona mwanafunzi hajaelewa, akaamua kueleza zaidi. Akakaa sawa, akainua kile kipande chembamba cha kijani katikati ya vidole viwili.

"Labda nieleze asili yake, mama. Kumbukumbu hii si ya kudumu. Ni ya muda tu. Umeme ukizimwa, kila kilichokuwamo hutoweka. Ndivyo ilivyoumbwa."

Mama Stesheni akageuka akalitazama tundu la umeme.

"Ukizimwa," Mama Stesheni akasema polepole. "Unamaanisha ukutani pale?"

"Ukutani pale, mama. Papo hapo hutoweka."

Mama Stesheni akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa. Aliiona Jumatatu yote mbele yake: yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akichomoa waya, akiupuliza, akichomeka na kuchomoa tena. Mara ngapi? Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemsaidia. Alikuwa amemzima mumewe ukutani kama taa ya choo.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyechomoa. Nikaenda nikamweka kwenye tundu la jokofu."

"Jokofu halina neno, mama," mkwe akamtuliza. "Tundu lile ni zima."

"Unaniambia nimemmaliza mume wangu, halafu unaniletea habari za jokofu?"

Angekuwa ni mkewe, mkwe angemuuliza moja kwa moja, unazungumzia nini? Lakini huyu alikuwa mama mkwe, na mama mkwe hakatwi maneno. Akajikuna shingo. Akakitazama kile kipande cha kijani, akamtazama mzee, akamtazama mama, akajaribu njia pekee aliyoijua, ya kumaliza kazi.

"Naomba raba, mama. Nikimaliza utaona."

"Sikupi. Kama limebaki hata neno moja humo, litabaki. Hata kama ni 'tafadhali' peke yake. Nitalitumia hilo hilo." Akaifumba raba kiganjani, akakiweka kiganja kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na habari nayo. "Yule pale hana sauti nyingine, baba. Iliyobaki iko humo."

Mkwe alikuwa ameoa katika nyumba ile na alikijua kiganja cha namna hiyo kikifumbwa. Akaweka kile kipande juu ya kitambaa safi, akaanza kukusanya bisibisi zake.

"Mpe."

Wote wawili waligeuka.

Mzee Stesheni alikuwa ameusogeza mwili mbele, mgongo umeachana na mito. Mkono wake mzima wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa kiti. Uso ulikuwa umemwiva kwa juhudi.

"Mpe," akasema tena. Akavuta pumzi. "Mpe raba."

Mdomo wake ulifanya kazi, ukakataa, ukafanya kazi tena. Mama Stesheni alikuwa anausogeza wake pamoja naye bila kujua, kama anavyofanya mama anayemlisha mtoto.

"Mama watoto," mzee akasema. "Mimi." Akakwama hapo muda mrefu, mpaka mkwe akadhani ameishia njiani. "Mimi nipo. Nipo... hapa."

Mama Stesheni aliyajua matangazo yote ya mumewe kwa moyo, ya stesheni na ya nyumbani. Hakuna lililosema hivyo. Hakuna mtangazaji anayesimama kwenye kipaza sauti akawaambia abiria kwamba yeye yupo. Neno hilo halikutoka kwenye sanduku. Lilitoka kwake, sasa hivi, bila madaha, bila kuburutwa mwisho, limechubuka kidogo kwa njia ndefu liliyopita.

Akainuka, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mumewe uso kwa mikono yote miwili, raba ikiwa bado katikati ya kiganja na shavu. Alitaka kusema kitu. Aliyekosa maneno safari hii alikuwa yeye. Mzee alipoona machozi yamekuwa mengi akarudi kwenye neno lake la zamani.

"Upuuzi," akamwambia, kwa ile sauti ya wajukuu.

Mkwe aligeuka akaiangalia feni ya kompyuta kwa bidii sana, ingawa feni haikuwa na tatizo.

Ilipita dakika nzima au zaidi kabla Mama Stesheni hajarudi mezani. Akaiweka raba kiganjani mwa mkwe, akavifunga vidole vya mkwe juu yake.

"Futa," akasema. "Futa unachotaka kufuta. Mwenyewe amesema yupo."

Mkwe akafuta. Kile kipande kilikuwa na safu ya meno madogo ya rangi ya dhahabu upande mmoja, yamefifia kwa ukungu mweusi, naye akayasugua kwa raba, mbele na nyuma, mpaka yakang'aa. Akapuliza unga wa raba. Akakirudisha kwenye mfereji wake, akakikandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka kikalia ta, na upande wa pili ta. Akachomeka kila kitu. Akamtazama mama mkwe kama anayeomba ruhusa, kisha akabonyeza.

Pi. Mara moja tu, fupi, kama mtu anayeitika. Kioo kikaanza kung'aa, taratibu, kwa manung'uniko yake yale yale.

Mama Stesheni alitarajia kioo kitupu. Alikuwa ameshajiandaa. Badala yake yakatokea matangazo yote, kwa mpangilio ule ule mumewe alioyapanga: shule, bafu, jiko. Akayahesabu kwa kidole. Halikukosekana hata moja.

"Lakini si umeyafuta?"

"Hapana, mama. Sauti za baba haziko pale. Ziko huku." Mkwe akaonyesha kisanduku cha bati chini kabisa. "Hii ndiyo diski. Hii hata ukizima umeme mwaka mzima inakaa nazo. Kile nilichokifuta ni kingine. Ni kile ambacho..." Akasita. Akatazama mlangoni, akashusha sauti kama mtu anayelazimika kutaja ugonjwa wa aibu mbele ya wakwe. "Watu wengine hukiita ramu."

"Ramu!"

"Ndiyo, mama."

"Ramu naijua mimi! Hata muuza simu wa pale kona anasema ramu. Wajukuu zangu wanasema ramu. Jirani hapa asiyejua hata kuandika ujumbe anasema simu yake ina ramu ndogo! Kwa nini hukusema ramu tangu mwanzo?"

"Kwa Kiswahili sanifu, mama, inaitwa kumbukumbu."

Mama Stesheni akavuta pumzi ndefu. "Baba, sikiliza. Nakupenda kama niliyekuzaa. Lakini hicho Kiswahili chako kitanizika siku zangu hazijafika."

"Tahadhari," akasema Mzee Stesheni kwenye kiti chake.

Walicheka mpaka mkwe akalazimika kuvua miwani. Na hakuondoka siku hiyo kabla hajazinakili zile sauti mara mbili, kwenye kikasha kidogo cha kuchomeka na kwenye simu ya mama, ambaye safari hii hakusema wiki ijayo. Alipoaga mlangoni, mama mkwe alimwongezea kifurushi cha chakula cha kumpelekea binti wa kwanza, na akamnong'oneza kwamba ile pini ya nywele iliyokuwa ndani, kusema kweli, ilikuwa yake.

Saa yao ya mchana ikafika. Mama Stesheni akaweka kiti chake karibu na cha mumewe kama zamani, akachagua lile alipendalo, akabonyeza. Sauti nene ikajaa sebuleni, kila neno limepigwa pasi. "Tahadhari kwa wote. Mama watoto amekasirika..." Akamgeukia mumewe ili waanze. Mzee hakuanza. Alikuwa anaisikiliza ile sauti huku amekunja uso, kama anavyosikilizwa mgeni aliyekaa sana.

"Zima," akasema.

"Nizime?"

"Zima. Huyu..." Akatafuta. "Huyu anasema... sana."

Mama Stesheni akazima. Alicheka. Siku nyingi alikuwa amekaa kwenye kiti hiki akiikumbuka sauti ile ya madaha mpaka akaisahau iliyokuwa pembeni yake, inayokwama na kujikwaa. Akaona aibu kidogo, akaona furaha zaidi. Akainuka kurudisha kitambaa juu ya kompyuta, kisha akasimama karibu na dirisha, maana joto la mchana lilikuwa limeanza kukaza.

Mumewe alikuwa anamtazama. Akakusanya midomo.

"Dirisha," akasema. "Fungua."

Mama Stesheni hakusogea. "Eti?"

"Fungua... dirisha."

"Sijasikia vizuri, baba watoto."

Mzee akamkazia macho. Alimjua mke wake. Akajiweka sawa kwenye mito, akavuta pumzi mpaka mwisho, na yakatoka yote pamoja, moja likimsukuma jingine. "Fungua dirisha, mama watoto... joto... kiziwi... wewe!"

Mama Stesheni alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza, na mkono wake ulikuwa umeshashika komeo. Akaona asubiri kidogo tu, huenda ataongeza neno.